Hazikwi Mtu Bila Matusi

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yako. Ukiiona imo, basi ramani yako ina kasoro. Ipeleke kituo cha polisi kilicho karibu nawe uikabidhi kwa hiari, kabla wenyewe hawajaifuata. Nasema hivi kwa kukutakia heri. Mimi ni katibu mwenezi wa tawi la Chama katika kijiji cha Mkelewe, na kazi ya mwenezi ni kuwatakia watu heri, wapende wasipende.

Nianze na siasa yetu. Tulipopata uhuru hatukuwa na siasa yoyote, tulikuwa na bendera tu. Watu wa Mashariki wakatuletea matrekta yasiyo na vipuri. Watu wa Magharibi wakatuletea wataalamu wa kutueleza kwa nini matrekta hayaendi. Mlezi wa Taifa akakaa akatafakari, akaona hapa kuna jambo, haiwezekani watu wakupende hivi bure. Ndipo akatangaza Siasa ya Kujitosha, ambayo hata mtoto wa chekechea anaielewa: chetu kinatutosha, na kisichotutosha si chetu. Tangu siku ile tunajitosha kwa kila kitu, isipokuwa sukari, sabuni, dawa, vitabu vya kufundishia Kujitosha, na gari la Mlezi.

Ng'ambo ya mto Lumbwe kuna nchi nyingine. Jina lake tumekatazwa kulitaja, kwa hiyo tunaiita Ng'ambo. Wao wanafuata Siasa ya Kujiachia, ambayo ni kinyume kabisa cha yetu: kila mwenye mbuzi na kamba yake, na asiye na mbuzi atajijua na kamba. Wasomi wameandika mengi juu ya tofauti za siasa hizi mbili. Wazee nao wanasema Mlezi wetu na Rais wa Ng'ambo walisoma pamoja shule ya misheni, wakalalia kitanda kimoja cha dabodeka, na mpaka leo hawajakubaliana nani alilala juu. Lakini hayo ni maneno ya wazee, na wazee wenyewe ni wachache siku hizi, sijui wamekwenda wapi.

Mpaka ulifungwa kwa sababu ya mvua. Redio ya Ng'ambo ilitangaza kwamba kesho yake mvua ingenyesha bonde zima la Lumbwe, na nusu ya bonde hilo ni letu. Kesho yake ikanyesha kweli, tena upande wetu. Baraza la Mawaziri likakutana kwa dharura. Nani aliwaambia habari za mvua yetu? Nani aliivujisha? Mkurugenzi wetu wa Hali ya Hewa, ambaye mwenyewe alikuwa ametabiri jua, akakamatwa ili kurahisisha uchunguzi, na Mlezi akatangaza kwamba mpaka umefungwa kwa watu, mifugo na utabiri. Mimi si mtu wa kushuku. Lakini tangu hapo nikiona wingu linatokea upande ule, nalifuatilia kwa macho mpaka liishe.

*

Basi katika hali hiyo ya amani na utulivu, Mzee Makoroto akafariki.

Mzee Makoroto hakuwa mtu mdogo. Ndiye aliyepandisha bendera yetu ukingoni mwa Lumbwe siku ya uhuru, akiwa kijana, na Serikali ilimpa cheo cha Shujaa wa Mpaka pamoja na koti ambalo halikumtosha. Kwangu alikuwa kaka wa ukoo. Ilipofika habari mji mkuu, ikaamuliwa kwamba azikwe kitaifa, redio itangaze moja kwa moja, na Waziri wa Utamaduni na Tahadhari, Mheshimiwa Pangamawe, aje kutoa hotuba kuhusu Kujitosha. Tulifurahi sana, kadiri wafiwa wanavyoruhusiwa.

Tatizo likawa moja. Sisi Wandeo wa Mkelewe na Wagoro wa ng'ambo ya mto ni watani. Inasemekana mababu walipigana mpaka mikuki ikaisha, wakamalizia vita kwa matusi, na matusi yale hayajaisha hadi leo. Mndeo akifa, Mgoro anakuja msibani bila kuitwa. Anapiga debe, anavaa suruali ya marehemu, anaiga mwendo wake, anapora nyama jikoni. Kubwa kuliko yote, anaingia kaburini kabla ya maiti, analala chali na kugoma: kaburi ni lake, hatoki mpaka apewe chake. Anapewa kuku, anatoka, watu wanacheka huku wanalia, ndipo marehemu anazikwa. Mgoro akifa, nasi tunakwenda kumfanyia hayo hayo. Bila mtani, marehemu anabaki njiani, hafiki kwa waliotangulia wala harudi kwetu, na mjane wake hanyanyuki mkekani.

Na mtani wa Mzee Makoroto alikuwa Chamkaga, Mgoro wa Ng'ambo. Walitukanana tangu ujana wao. Kabla mpaka haujafungwa, hapakuwa na mavuno ambayo Chamkaga hakuvuka mto kuja kula, na hapakuwa na siku Makoroto hakumwambia kwamba anakula kama mtu aliyefungiwa.

Nikamwendea mjane, Mama Lugendo, pale mkekani alipokaa na wanawake wenzake.

"Shemeji," nikamwambia, "Serikali imeamua mazishi yawe kesho kutwa, mara baada ya hotuba."

"Chamkaga amefika?"

"Mpaka umefungwa, shemeji."

"Basi na kaburi limefungwa," akasema. "Mume wangu hazikwi bila matusi."

"Waziri atasema maneno mazuri sana."

"Maneno mazuri atawasemea wanaoishi. Makoroto amekufa, anataka ya kwake."

Niliondoka pale nimechoka. Mama Lugendo ni mwanamke mpole, lakini mpole akikataa, bora umwombe mlima uhame.

*

Nikapiga simu mkoani, mkoa ukapiga simu wizarani, na wizara ikashangaa. Kwani kuna upungufu wa watani nchini? Siasa ya Kujitosha ilikuwa na jibu kwa kila jambo, ingeshindwaje na matusi? Kesho yake gari likamshusha kijana mtanashati mwenye suti ya kijivu. Akajitambulisha kuwa ni Ndugu Mbonea, Mtani wa Taifa. Alikuwa na shahada ya utani aliyoisomea Ulaya.

Matusi yake yalikuwa yamepitishwa na kamati. Kamati ilikuwa na mwanasheria, daktari na mtu mmoja ambaye hakusema anatoka wapi. Ndugu Mbonea akasimama mbele ya mkeka, akakohoa kidogo, akaanza.

"Marehemu alikuwa na masikio makubwa kiasi," akasema. Akasubiri. Hakuna aliyecheka. "Na kwa masikio hayo, alizisikiliza vema hotuba zote za Mlezi wa Taifa!"

Tukapiga makofi, kwa sababu jina la Mlezi lilikuwa limetajwa.

"Aidha, miguu yake ilikuwa na mapungufu madogo, ambayo tayari yameshughulikiwa."

"Ataingia kaburini?" Mama Lugendo akaniuliza.

Ndugu Mbonea akaeleza kwamba kuingia kaburini kunawezekana, mradi litandikwe turubai, na daktari awepo. Mama Lugendo akamtazama kwa huruma kama anavyotazamwa mtoto wa mwenzako aliyepotea sokoni.

"Mwanangu, umekula?" akamwuliza. Kisha akatugeukia sisi. "Mpeni chai kijana wa watu, arudi kwao salama."

Siku ya mazishi ikafika, kaburi likachimbwa, na mjane hajanyanyuka. Waziri alikuwa njiani. Wakati huo kulikuwa tayari na Afande Shilatu pale kijijini, ofisa wa usalama kutoka mji mkuu, mwenye kinasa sauti kwenye mfuko wa shati. Alikuja kuhakikisha kwamba huzuni yetu ni ya kweli na haina mkono wa nje. Aliwatazama waliao mmoja mmoja. Jirani yangu alipolia kupita kiasi, Afande akamsogelea na kumwuliza analilia nini hasa.

*

Saa nne asubuhi, jua likiwaka, tukasikia debe likilia mtoni.

Alikuja kwa uwazi kabisa, hakujificha hata kidogo. Alivuka pale kwenye kina kifupi, maji kiunoni, debe kichwani, akilipiga kwa kijiti. Nyuma yake walikuwa dada zake wawili wenye masufuria na mpwa wake mmoja mwenye kibyongo. Walinzi wa mpaka walikuwa Wandeo, wakageuka wakatazama miti. Mimi si mtu wa kushuku, lakini miti yenyewe haikuwa na kitu cha kutazamwa.

"Liko wapi hilo jizi?" Chamkaga akapaza sauti akiingia uwanjani, maji yakimchuruzika. "Nasikia limekufa. Uongo! Limejificha kwa sababu lilimla mbuzi wangu!"

Wanawake wakapiga vigelegele huku machozi yanawatoka. Mama Lugendo akainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe.

"Na nyie Wandeo, nani kawaruhusu kukaa hapa? Nchi hii yote yangu, kuanzia mto mpaka kule jua linakolala! Nyie vijakazi wa babu yangu, aliwasahau hapa alipokuja kuoga. Leo nimekuja na jeshi langu, nachukua changu chote. Na huyo Mlezi wenu mwambieni anipashie maji, nimelowa!"

Afande Shilatu alitoka mji mkuu, ambako kila mtu amejitosha na hakuna mtani wa mtu. Nilimwona uso unabadilika rangi. Alitoa kinasa sauti mfukoni, akakitazama kama kinaendelea kuzunguka, akakirudisha. Kisha akaingiza mkono upande wa pili, akatoa pingu.

*

Walimhoji kwenye ofisi ya tawi letu. Niliruhusiwa kuwamo kwa sababu kiti kilikuwa changu.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kila Mndeo analijua. Mtani akiwa msibani hasemi neno la kweli mpaka maiti izikwe. Akisema kweli, amemfungia marehemu njia. Nilitaka kumweleza Afande. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nikajiuliza, mimi ni nani hata nijue kitu ambacho Serikali haikijui? Kujua kupita Serikali ni dalili mbaya. Nikaufunga.

"Jina lako?" Afande akauliza.

"Babu yako."

"Nani amekutuma?"

"Tumbo. Lilisikia Wandeo wakifiwa wanapika vizuri."

"Jeshi lako lina watu wangapi?"

"Nyota umeziona? Toa mbili, zina mafua."

"Silaha?"

Chamkaga akafikiri. "Michi," akasema. "Na mwiko mmoja mkubwa. Ule ndio wa Mlezi wenu."

Afande akasimamisha kinasa sauti, akatoka nje mbio kupiga simu.

Taarifa ya habari ya saa saba ilisema kwamba vikosi vya Ng'ambo visivyohesabika vimejipanga mpakani, vikiwa na silaha ya siri iitwayo Mwiko, iliyolengwa kwa kiongozi wetu mpendwa. Wataalamu wa ulinzi wakauchora Mwiko ubaoni. Mmoja aliuchora ukiwa na mabawa. Mlezi akalihutubia taifa. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, na hapo wananchi wote mji mkuu wakaanza kukagua nguo zao na za jirani zao. Akaamuru majeshi yakae tayari, na miko yote majumbani isajiliwe.

Ng'ambo nao hawakulala. Waliipekua nyumba ya Chamkaga, wakakuta koti la Serikali yetu, lile la Mzee Makoroto ambalo halikumtosha na alilompa mtani wake. Ushahidi gani tena? Rais wao akasema redioni, kwa sauti ya kujiachia kabisa: "Mtu huyo hatumjui. Kama alivuka, alivuka mwenyewe. Waliomvalisha koti ndio wamlishe." Hivyo Chamkaga akawa jasusi wa nchi mbili kwa mpigo, kila moja ikiamini kwamba ni wa mwenzake. Dada zake na mpwa walirudishwa mtoni wakalala mahabusu ya kwao.

Na Mzee Makoroto, Shujaa wa Mpaka, bado alikuwa chumbani amefunikwa shuka. Kwa joto lile, alikuwa ameanza kutoa maoni yake.

*

Waziri Pangamawe alipanda jukwaani alasiri, kando ya kaburi. Alizungumza kuhusu Kujitosha katika kilimo, Kujitosha katika viwanda, na Kujitosha katika kufa. "Zamani," alisema, "hata vifo vyetu vilikuwa vya kikoloni! Leo tunakufa kwa mipango yetu wenyewe!" Tukapiga makofi. Jeneza lilikuwa pale, na Mama Lugendo alikuwa bado mkekani, barazani kwake, mgongo ameupa jukwaa.

Hotuba ikiwa katikati, Afande Shilatu akaja na mtuhumiwa. Utaratibu wa nchi yetu unataka mtuhumiwa apelekwe eneo la tukio aonyeshe alivyotenda au alivyokusudia kutenda. Chamkaga alikuwa amekiri kwamba alikusudia kuikalia ardhi yetu, na alipoulizwa sehemu gani, alisema: "Ile mliyonichimbia."

"Onyesha," Afande akamwamuru, mbele ya kaburi. "Ulipanga kuikaliaje?"

Chamkaga akalitazama kaburi. Akamtazama Mama Lugendo kule barazani. Kisha, na pingu zake mkononi, akaruka ndani.

"Langu hili!" sauti ikatoka chini. "Sitoki! Makoroto, nenda ukatafute lako, wewe tangu zamani unapenda vya bure! Ona kaburi lenyewe, wamekuchimbia refu kama vile una miguu! Siondoki hapa mpaka nipewe changu!"

"Mnaona!" Afande akapiga kelele. "Ameikalia!"

Mama Lugendo akanyanyuka. Akatembea katikati yetu sote, akapita mbele ya Waziri bila kuomba radhi, mkononi ana kuku mweupe. Akaufikia ukingo wa kaburi.

"Mlafi wewe," akasema, na sauti yake ikakatika katikati. "Chukua kuku wako utoke, mwenye nyumba amechoka kusimama mlangoni."

Tukacheka. Sijui nikueleze vipi. Kilikuwa kicheko kilichokaa kifuani muda wote wa msiba, na sasa kimepata njia. Wanawake walicheka wakilia, waliobeba jeneza walicheka mpaka jeneza likatikisika. Ndugu Mbonea, mwenye shahada, alicheka hadi akakaa chini na suti yake. Na Mheshimiwa Waziri, ambaye kumbe mama yake ni Mndeo, alicheka mbele ya kipaza sauti, na kicheko chake kikaenda hewani nchi nzima kabla fundi mitambo hajapata akili ya kukata.

Chamkaga akavutwa nje na kuku wake. Akapiga magoti pale pale kwenye udongo, akalia kama anavyolia mtu aliyefiwa. Tukamzika Makoroto.

*

Afande alisubiri mpaka koleo la mwisho. Kisha akamsogezea Chamkaga kinasa sauti.

"Kwa mara ya mwisho. Nani amekutuma?"

Chamkaga akafuta uso kwa mkono wenye pingu. "Mwanangu," akasema taratibu, "mwenyewe ameshazikwa, sasa naweza kukwambia kweli. Hakuna aliyenituma. Jeshi sina. Kule kwetu hakuna anayeitaka nchi yenu, ya kwetu yenyewe imetushinda. Makoroto alikuwa rafiki yangu. Nimekuja kumzika."

 Uongo wote wa Chamkaga Afande aliuamini mara moja, tena akaupigia simu. Hili moja lilimshinda.

"Sasa," akasema, "umeanza kutudhihaki."

Wakampakia garini kwenda mji mkuu. Kuku wakamchukua kama kielelezo.

Sisi tuliobaki tukapangwa mstari. Kucheka maneno ya adui ni kumsaidia adui, Afande akatueleza, na aliyecheka anyooshe mkono. Hakuna mkono ulionyooka. Mmoja alisema alikuwa analia kwa mdomo wazi. Mwingine alisema ana jino. Nilipofikiwa mimi, nikasema nilikohoa, na kwa kweli vumbi lilikuwepo.

"Nilicheka mimi," Mama Lugendo akasema. "Na mume wangu naye alicheka, nilimsikia. Kama hamniamini, mfukueni mkamhoji."

Afande Shilatu akalitazama kaburi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akaondoka. Waziri Pangamawe aliteuliwa wiki hiyo kuwa balozi wetu katika nchi ambayo hatuna uhusiano nayo, na mpaka sasa anasubiri nyumbani kwake uhusiano uanze.

*

Mvua mbili za masika zikapita. Utani ulipigwa marufuku kwa sheria, isipokuwa ule unaotolewa na wizara. Mpaka ukawekewa waya. Redio yetu ilisema Mwiko umeshindwa, na watu wakaruhusiwa tena kusonga ugali bila kibali. Kuhusu Chamkaga tuliambiwa ni mgeni wa Serikali, hivyo tusiulize, kwani si adabu kuuliza mgeni anaondoka lini.

Mama Lugendo aliuliza. Kila nilipopita kwake aliniuliza, nami nilimjibu kwamba vyombo husika vinashughulikia. Aliacha kunikaribisha chai. Mimi si mtu wa kushuku, lakini nilianza kushuku kwamba ananidharau.

Kisha, asubuhi moja, lori la jeshi likaja Mkelewe na sanduku la mbao. Afande Shilatu akashuka, amenenepa, nyota zimeongezeka begani. Akaniambia mgeni wa Serikali amefariki kwa ugonjwa ambao jina lake ni siri ya taifa. Ng'ambo walipoulizwa, walisema hawamjui, kama ni wetu tumzike. Hapo ndipo wanasheria wa Serikali walipopata kazi. Mtu huyu alishtakiwa kwa kutaka kuikalia ardhi yetu. Tukimzika ndani ya nchi, si tumempa kile kile alichokitaka? Walibishana mpaka maiti ikawaharakisha. Uamuzi ukawa azikwe ukingoni kabisa mwa Lumbwe, kwenye waya, mahali ambapo si petu sana wala si pao sana. Kimya kimya, bila watu, na katibu mwenezi ashuhudie ili asieneze.

Askari wakachimba. Hawakuchimba sana. Waliinama kuchukua sanduku, na walipogeuka, Mama Lugendo alikuwa amelala kaburini.

Sijui nani alimwambia. Mimi nilipita tu karibu na nyumba yake nikielekea mtoni, nikawa naongea peke yangu, na mtu mzima huwa anaongea peke yake.

"Mama," Afande akasema, "toka humo."

"Sitoki. Hili langu."

"Mama, hii ni amri ya Serikali."

"Mpaka nipewe changu."

Afande alikuwa amejifunza. Akamgeukia askari mmoja. "Nenda kijijini kalete kuku."

"Kuku mlishamchukua," sauti ikatoka chini. "Mtani wangu naye mkamchukua. Mimi sidai kuku."

"Unadai nini?"

 Mama Lugendo akainuka akakaa, udongo kichwani, akalitazama lile sanduku, na macho yake yakajaa. Lakini sauti aliyoitoa ilikuwa ya msibani, ile ya kwetu, ya zamani.

"Liko wapi hilo Goro lafi?" akapaza. "Nasikia limekufa. Uongo! Limechoka kutembea, limetaka kupakiwa lori! Wewe si ulisema nchi hii yote yako, kuanzia mto mpaka jua linakolala? Haya, wamekupa. Hii hapa. Umeona ilivyo ndogo?"

 Askari walitazama viatu vyao. Kule ng'ambo, nyuma ya waya, niliona wanawake wawili wamesimama na masufuria mikononi, hawapigi, wanasubiri. Mto ulikuwa unapita. Mama Lugendo alitugeukia, akatutazama mmoja mmoja, na nikaelewa kile anachodai. Mtu alikuwa pale njiani, hafiki wala harudi, na sisi tumefunga midomo.

Nikacheka. Nilianza vibaya, kikatoka kama kikohozi. Kisha kikatoka chenyewe, kikubwa, kutoka mahali ambapo nilidhani nimeshajitosha, nikacheka mpaka machozi yakanilowesha beji ya Chama, na kule ng'ambo masufuria yakaanza kulia.

Afande Shilatu akageuka haraka. "Nani amecheka?"

Nikanyoosha mkono.